Moshi wa pikapu na maisha ya Rudolf Diesel

Mwezi uliopita pikapu yangu ilikataliwa katika ukaguzi hapa Kisumu. Ni Peugeot 504 ya dizeli niliyoachiwa na marehemu baba, ambaye kwa miaka mingi aliitumia kubebea mchele kutoka Ahero hadi soko la Kibuye. Kwa kuwa imesajiliwa kama gari la biashara, inapaswa kupitia ukaguzi kila mwaka, nami sina ugomvi na sharti hilo. Breki zilipimwa zikaonekana kushika sawasawa pande zote mbili. Taa zilikuwa timamu, usukani haukulegea, matairi yalikuwa na meno ya kutosha. Kisha mkaguzi akaniomba nikanyage mafuta gari likiwa limesimama. Wingu jeusi lilifumka kutoka nyuma, na akina mama waliokuwa wakiuza chai ng'ambo ya ua wakajifunika leso nyusoni. Sikuhitaji kuambiwa matokeo.

Nikiwa ningali nimeshika karatasi ya kasoro, dereva mmoja wa lori, mtu mwenye huruma kweli kweli, alinivuta kando akanieleza kwamba jambo hilo ni dogo. Skrubu ya pampu ikigeuzwa kidogo mafuta hupungua; gari hupoteza nguvu, lakini moshi nao hutoweka. Ukishapata cheti unairudisha skrubu mahali pake jioni ile ile. Akaniambia kwamba wapo wanaoazima matairi ya jirani kwa saa mbili, na kizima-moto, na hata kiakisi cha pembetatu, vyote vikarudishwa kwa wenyewe kabla ya jua kutua. Nakiri kwamba nililipima shauri hilo njia nzima hadi Kondele.

Kilichonizuia hakikuwa utakatifu. Usiku ule, badala ya kusahihisha mitihani, nilirudia kusoma habari za mtu ambaye jina lake tunalitaja kila siku katika vituo vya mafuta bila kukumbuka kwamba lilikuwa jina la mtu. Kwa sisi tunaofundisha isimu, neno dizeli ni mfano mzuri darasani: jina la pekee lililopoteza herufi yake kubwa, likapewa irabu mwishoni ili likae vyema kinywani mwa Mswahili, likaingia katika ngeli ya I-ZI bila kuulizwa pasipoti. Aghalabu wanafunzi wangu hukisia kwamba ni neno la Kiingereza la kutaja aina ya mafuta. Mwenye jina hakuwa Mwingereza, wala hakuvumbua mafuta.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858, mtoto wa wahamiaji wa Kijerumani kutoka Bavaria. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi, na mtoto ndiye aliyetumwa kusukuma mkokoteni kuwapelekea wateja mizigo yao. Alipopata nafasi alishinda katika jumba la makumbusho ya ufundi la mji ule akichora mashine za kale. Mwaka 1870 vita vikazuka kati ya Ufaransa na Prussia, na Wajerumani waliokaa Paris wakalazimika kuondoka. Familia ikakimbilia London, maisha yakawa magumu, na kijana wa miaka 12 akapelekwa Augsburg kulelewa na jamaa aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Hivyo, kabla hajabaleghe, alikuwa amekwisha kuishi katika nchi tatu zenye lugha tatu. Lugha hizo zote alizimudu hadi mwisho wa maisha yake, na naamini zilimfaa kuliko watu wanavyodhani, maana baadaye alipaswa kuuza wazo moja kwa mataifa yasiyopendana.

Katika chuo cha ufundi cha Munich alifundishwa na Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengeneza barafu. Huko ndiko alikosikia jambo lililomkosesha usingizi: mashine ya mvuke, iliyokuwa fahari ya karne ile, ilikuwa ikitumia sehemu 10 tu au pungufu katika kila sehemu 100 za joto la makaa, na zilizosalia zikipotelea hewani. Mwaka 1879 homa ya matumbo ilimzuia kufanya mtihani wa mwisho. Alipopona alikwenda kujifunza kazi katika karakana ya Sulzer huko Uswisi, akarudi Januari 1880 akaufanya mtihani na kufaulu kwa alama za juu mno. Miaka iliyofuata alimfanyia Linde kazi ya barafu mjini Paris, akaoa mwaka 1883, akapata watoto watatu. Wakati huo huo alijaribu kuunda mashine ya kutumia mvuke wa amonia badala ya maji. Ikalipuka, ikamlaza hospitalini kwa muda mrefu.

Wazo lililomfanya maarufu lilifikia kuandikwa mwaka 1892, alipoomba hataza, yaani hati ya serikali ya kumlinda mvumbuzi, akaipata Februari 1893. Msomaji aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli ataelewa bila shida. Ukipampu kwa nguvu, mwili wa pampu hupata joto, kwa sababu hewa inayobanwa hupanda moto. Diesel alisema na tuibane hewa peke yake ndani ya silinda, tuibane sana kuliko mtu yeyote alivyothubutu, mpaka iwe na moto wa kutosha kuwasha mafuta yanapoingia. Hakutakuwa na haja ya cheche wala plagi. Ndiyo sababu gari kuukuu la dizeli ambalo ringi zake za pistoni zimelika husumbua kuwaka asubuhi: hewa huvuja, haibanwi ikabanika, joto halipatikani.

Lipo jambo moja katika nia yake ambalo wasimulizi wengi hulipita mbio. Mashine ya mvuke ilikuwa kubwa na ya gharama, kwa hiyo ilimfaa tajiri mwenye kiwanda, na fundi mdogo mwenye karakana ya chumba kimoja akabaki nyuma au akaajiriwa. Diesel, mtoto wa fundi wa ngozi, alitaka mashine ndogo, ya matumizi haba, ambayo mfumaji au seremala angeweza kuimiliki. Injini zake za mwanzo hazikutimiza ndoto hiyo, maana zilikuwa mijitu ya chuma. Lakini yeyote aliyekulia vijijini mwetu, Nyakach au Seme au Asembo, anaukumbuka mlio wa injini ya Lister katika kinu cha kusaga mahindi, na jinsi mlio ule ulivyotosha kumjulisha mama kwamba mwenye kinu yupo na unga utapatikana. Kinu kile hakikungoja nguzo za umeme. Nadhani kama mzee Diesel angepita siku moja kando ya ziwa hili, angesimama kwenye kinu kabla ya kwenda kuitazama MV Uhuru, meli yetu ya dizeli ya kubeba mabehewa iliyoanza kazi katika miaka ya 1960, mahali ambapo vyombo vya kwanza vya reli vilikuwa vya mvuke.

Nirudi Augsburg. Kiwanda cha mashine cha mji ule, kikisaidiwa na Krupp, kilikubali kulijaribu wazo. Jaribio la kwanza lilifanyika tarehe 10 Agosti 1893. Mafuta yaliwaka kama alivyotabiri, lakini shinikizo lilipanda mno hata kifaa cha kulipima kikapasuka na kumkosakosa. Tarehe 17 Februari 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa mara ya kwanza, kwa muda wa dakika moja hivi. Kutoka dakika hiyo moja hadi kupata mashine inayoweza kutegemewa ilipita miaka mitatu mingine ya kubadilisha vali, kuchonga upya pistoni, na kutafuta namna ya kuyaingiza mafuta yakiwa kama ukungu badala ya matone. Kumbuka kwamba hesabu za kitabuni alikuwa amezikamilisha zamani, na kitabu chenyewe kilikuwa kimechapishwa mwaka 1893.

Kisha ukaja ukaguzi. Nalitumia neno hilo kwa makusudi. Mnamo Februari 1897 alialikwa Profesa Moritz Schröter wa Munich, mtu asiyekuwa na hisa katika biashara ile, aipime injini kwa vipimo vyake mwenyewe. Ilikuwa na silinda moja, kimo chake mita 3 hivi, na nguvu za farasi zipatazo 20. Schröter alipima mafuta yaliyoingia na kazi iliyotoka, akapata kwamba injini ilitumia zaidi ya asilimia 26 ya joto la mafuta. Hakuna mashine ya joto iliyokuwa imefikia hapo. Habari zikaenea, na matajiri wa nchi mbalimbali wakaja kununua leseni. Adolphus Busch, mwenye kiwanda cha pombe huko Marekani, alitoa marki milioni moja kwa haki za nchi yake na Kanada. Mtu ambaye miaka minne nyuma alikuwa akiandika barua za kuomba fedha akawa milionea, na ukaguzi wa haki ndio uliomfikisha hapo.

Anguko lake lilianzia papo hapo, na hapa ndipo nilipoifunga karatasi yangu ya kasoro na kuacha kuwaza juu ya skrubu. Injini ile ya maonyesho ilikuwa imetunzwa na mafundi waliojua kila kokwa yake. Zilizouzwa baadaye hazikuwa hivyo. Mwaka 1898 ilianzishwa kampuni ya kutengeneza injini za Diesel mjini Augsburg, ikaziuza upesi kabla hazijakomaa, na wanunuzi wakaanza kuzirudisha. Cheti cha Schröter kilikuwa cha kweli kwa injini moja, siku moja. Wauzaji wakakitumia kama kwamba ni cha kila injini, kila siku. Kampuni ile haikuinuka tena, ikavunjwa mwaka 1911. Diesel mwenyewe, akiandamwa na kesi za waliodai kwamba wazo si lake, aliugua kwa uchovu wa akili, akalazwa. Aliporudi aliwekeza fedha katika viwanja akapunjwa, akajenga jumba la fahari mjini Munich lililommaliza mfuko.

Hata hivyo miaka hiyo haikuwa ya giza tupu. Katika maonyesho makuu ya Paris ya mwaka 1900 injini yake ilipata tuzo kuu, na injini ndogo moja ya aina hiyo ilionyeshwa ikiendeshwa kwa mafuta ya njugu karanga. Baadaye Diesel alisisitiza kwamba mafuta ya mimea huenda siku moja yakazifaa nchi za kilimo. Sisi tunaoishi karibu na mashamba ya miwa ya Muhoroni na Chemelil hatuna haja ya kulicheka wazo hilo. Mwaka 1903 alitoa kitabu cha kueleza jinsi wafanyakazi, kwa kuchanga senti ndogo ndogo katika mfuko mmoja, wangeweza kumiliki viwanda vyao wenyewe. Nakala chache sana zilinunuliwa. Leo mwenye matatu hapa Kisumu ambaye ni mwanachama wa sacco angekielewa kitabu kile kwa nusu saa. Mwaka 1912 meli ya Kidenmaki iitwayo Selandia ilizivuka bahari kwa injini za dizeli, na dunia ya mabaharia ikabadilika.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 Diesel alipanda meli Dresden bandarini Antwerp kwenda Uingereza, alikokuwa na mkutano wa biashara. Alikula chakula na wenzake wawili, wakatembea sitahani, akaagana nao yapata saa nne usiku, akaomba aamshwe asubuhi saa kumi na mbili na robo. Asubuhi kitanda kilikutwa hakijalaliwa. Kofia na koti lake vilikuwa karibu na ukingo wa meli. Siku kumi baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti baharini, wakachukua vitu vidogo vilivyokuwa mifukoni, wakaurudisha mwili majini. Mwanawe Eugen aliletewa vitu hivyo, miongoni mwake mkoba wa miwani na kisu kidogo, akavitambua kuwa vya baba yake. Nyumbani ilibainika kwamba fedha zilikuwa zimekwisha na madeni yalikuwa makubwa. Kabla ya safari alikuwa amemwachia mkewe begi lenye marki 20,000. Wapo waliosema aliuawa kwa ajili ya siri za nyambizi, na hadithi hiyo ingali inauza vitabu. Mimi naona hesabu za benki zinaeleza vya kutosha, ingawa sitabishana na msomaji anayependa majasusi.

Hakuwahi kuona gari la abiria la dizeli likiuzwa. Injini zake zilihitaji mtambo mkubwa wa kusukuma mafuta kwa hewa, usioweza kutoshea katika gari dogo. Aliyeondoa kikwazo hicho ni Robert Bosch, ambaye kiwanda chake kilianza kutoa pampu ndogo za kusukuma dizeli kwa wingi mwaka 1927. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ikatoa 260 D, na kutoka hapo ukoo ukaendelea mpaka kwa Peugeot ya baba yangu. Kwa hiyo moyo wa gari la dizeli ni pampu na nozeli, na moshi mweusi ni lugha ya moyo huo. Moshi mweusi husema mafuta ni mengi kuliko hewa. Moshi wa samawati husema oili inaungua. Moshi mweupe usiokwisha baada ya injini kupata joto husema mafuta hayaungui yakaisha, au maji yameingia pasipo pake.

Nilimpelekea pikapu mzee mmoja fundi wa juakali ambaye huniita japuonj, yaani mwalimu, kwa heshima iliyochanganyika na dhihaka kidogo. Hakuigusa skrubu. Alifungua filta ya hewa, ikamwaga vumbi la barabara za Ahero kama unga. Akatoa nozeli nne, akazifunga kwenye mashine ya kupimia, akanionyesha: moja ilipiga ukungu, tatu zilidondosha matone kama bomba bovu. Filta ya dizeli ilikuwa na maji chini yake. Alinusa mafuta ya tangi akaniuliza, kwa upole, huwa nanunua wapi. Nilijua anachomaanisha. Mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli huinyima pampu ulainisho, na chuma kilichotengenezwa kwa kipimo cha unywele husagika. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuukomesha mchezo huo, lakini mtu anayenunua kwa mtungi kando ya njia kwa kupunguziwa shilingi chache, kama nilivyofanya mara kadhaa, hana wa kumlaumu.

Wapo wenzangu wanaoandika kwamba magari kuukuu yaondolewe barabarani kwa kutazama mwaka wa kutengenezwa tu. Sikubaliani nao. Nimefuata kutoka Kisian hadi Maseno lori jipya kuliko wanafunzi wangu, likitema moshi kuliko garimoshi. Umri si kosa. Kosa ni uzembe, na kipimo cha moshi hukamata uzembe bila kuuliza mwaka. Wala siwaungi mkono wanaosema moshi ni jambo la Wazungu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Tangu Januari 2015 kanda yetu hutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, ilhali hapa Kenya awali kiwango kilikuwa 500. Mafuta yamesafishwa, ni nozeli zetu zilizobaki chafu. Mama muuza chai aliyejifunika leso siku ile hushinda pale kila siku, na cheti cha kuazima hakimpunguzii hata pumzi moja ya masizi.

Kazi yote ilichukua siku mbili, na gharama yake ilinifanya niahirishe kununua kamusi niliyokuwa nikiitamani. Jumatatu iliyofuata nilirudi uwanjani. Mkaguzi alikanyaga mafuta mwenyewe mara tatu, akainama nyuma ya gari, akaangalia. Kulikuwa na moshi mwembamba wa kijivu, kisha hapakuwa na kitu. Alinipa cheti, akaniambia taa ya namba ya gari inafifia nibadilishe balbu. Fundi ameniagiza nimrudishie gari kabla ya mvua za masika ili amwage maji ya filta, na nimeliandika jambo hilo katika kalenda ya idara, kando ya tarehe za mitihani.